Magari yashukia Kilindini, mbio za chipukizi zabaki bara

MAGARI mengi ya mitumba yanayotumika nchini Kenya hugusa ardhi kwa mara ya kwanza Mombasa. Huteremshwa melini katika bandari ya Kilindini, hupelekwa kwenye mabohari yaliyotapakaa Changamwe na Miritini, hukaguliwa na kulipiwa ushuru, kisha hushika barabara kuu ya kuelekea Nairobi. Vifaa vya michezo ya magari vinavyoletwa kwa njia ya bahari hufuata mkondo uo huo. Kasha lenye vigari vya gokati, injini na tairi zake hupita Changamwe kama kasha jingine lolote, na kijana wa Magongo anayelitazama likipanda mlima wa Miritini hana njia ya kujua kilichomo.

Hilo lingekuwa jambo dogo kama michezo ya magari isingekuwa imegeuka kuwa suala la sera ya taifa. Tangu mwaka 2021, mashindano ya Safari Rally yaliporejea katika kalenda ya dunia baada ya kukosekana tangu 2002, serikali ya Kenya imeyatolea fedha za umma kila mwaka kwa hoja kwamba yanaitangaza nchi na kuwainua vijana. Jirani zake nao hawajalala. Desemba 2024, Rais Paul Kagame alitangaza mjini Kigali kwamba Rwanda inaomba kuandaa mbio za Formula One, ambazo hazijafanyika barani Afrika tangu zile za Kyalami, Afrika Kusini, mwaka 1993. Dereva Lewis Hamilton amekuwa akisisitiza kwa miaka kadhaa kwamba ni aibu kwa mashindano yanayojiita ya dunia kuliruka bara zima.

Katika mazungumzo hayo yote, swali linalosahaulika ni la chini kabisa. Mtoto wa miaka minane wa Likoni, Kisauni au Changamwe, mwenye kipaji cha kuendesha, aanzie wapi?

Lugha yenyewe ina kumbukumbu ya jambo hili. Vyombo vya habari vya Kiswahili nchini Kenya vimezoea kuuita mchezo wa Formula One mbio za langalanga. Neno hilo halikutoka Ulaya. Wengi hulihusisha na Langa Langa, upande wa Nakuru katika Bonde la Ufa, palipokuwa na uwanja wa mbio za magari enzi za ukoloni. Uwanja ulikufa, jina likabaki. Leo Kenya ina neno lake la mbio za kuzunguka uwanja wa lami, lakini haina uwanja wa lami wenye kiwango cha kimataifa ambao neno hilo lingeutaja.

Ili kuelewa anachokosa mtoto wa Kisauni, ni lazima kwanza kufahamu jinsi dereva wa langalanga anavyopatikana. Hapatikani kwa bahati, wala kwa ujasiri peke yake. Anapandishwa ngazi. Chini kabisa kuna gokati, vigari vya chini visivyo na paa wala springi, ambavyo watoto huanza kushindana navyo wakiwa na umri wa miaka saba au minane. Wakifikisha miaka 15 wanaruhusiwa kuingia Formula 4, daraja lililoanzishwa na Shirikisho la Kimataifa la Magari, FIA, mwaka 2014 ili liwe mlango wa kwanza wa magari halisi ya kiti kimoja. Juu yake kuna Formula 3, kisha Formula 2, na kileleni Formula One yenyewe, ambako nafasi za madereva ni chache kuliko viti vya matatu moja ya abiria 33.

Mfano ulio karibu zaidi ni wa Mwingereza Lando Norris, aliyetawazwa bingwa wa dunia wa Formula One mwaka 2025. Alianza na gokati utotoni. Mwaka 2015, akiwa na umri wa miaka 15, alitwaa ubingwa wa Formula 4 ya Uingereza. Mwaka 2017 akawa bingwa wa Formula 3 ya Ulaya, mwaka 2018 akamaliza wa pili katika Formula 2, na mwaka 2019 akaketi ndani ya gari la McLaren. Ukizihesabu vyema, ni misimu minne tu kutoka mlango wa kwanza hadi wa mwisho. Lakini nyuma ya misimu hiyo minne ipo miaka isiyopungua saba ya gokati, ya kuamka alfajiri siku za mapumziko na kuzunguka uwanja ule ule mara mamia, katika mvua na katika jua. Tena nyuma yake alikuwapo baba tajiri.

FIA imeiwekea ngazi hiyo lango la hesabu. Dereva hawezi kupewa leseni ya Formula One mpaka awe amekusanya pointi 40 katika kipindi cha misimu mitatu. Bingwa wa Formula 2 huzipata zote 40 kwa mpigo. Bingwa wa Formula 4 hupata 12. Maana yake ni kwamba kipaji pekee, hata kiwe cha ajabu kiasi gani, hakimfikishi mtu popote bila ya misimu iliyoandikwa katika rekodi.

Hapa ndipo neno "msimu" linapopata uzito wake. Wanaoutazama mchezo huu kwa mbali hudhani kwamba dereva huundwa na gari. Ukweli ni kwamba huundwa na msimu. Katika Formula 4, magari ya mashindano mamoja hufanana bodi na injini, na nguvu zake hazizidi sana za gari la kawaida la saluni lenye injini ya turbo. Kinachowatenganisha madereva ni marudio. Duru ya kwanza kijana anagonga vizuizi kwenye kona ya tatu. Duru ya pili anajifunza kuchelewa kukanyaga breki. Duru ya tano anajua namna ya kuyalinda matairi yasichakae kabla ya mizunguko ya mwisho, na fundi wake anaisoma michoro ya kompyuta inayoonyesha ni wapi alipoteza sehemu ya kumi ya sekunde. Mwisho wa mwaka anajua amekuwa wa ngapi kati ya wangapi, na kocha wa timu kubwa anayetafuta vijana anaweza kulisoma jina lake kwenye jedwali akiwa Milan au Dubai.

Msimu mmoja wa aina hiyo una bei. Kwa makadirio yanayotajwa sana Ulaya, Formula 4 humgharimu dereva mmoja laki kadhaa za yuro kwa mwaka. Hata tukichukua kiwango cha chini cha yuro 300,000, kwa kima cha takriban Sh150 kwa yuro, hizo ni Sh45 milioni. Formula 2 huhesabiwa kwa mamilioni ya yuro. Ndiyo maana simulizi ya Hamilton, mtoto wa mfanyakazi aliyeshikilia kazi zaidi ya moja ili mwanawe aendelee na gokati, husimuliwa kila mara kama muujiza. Husimuliwa hivyo kwa sababu haijirudii.

Kenya si ngeni katika michezo ya magari. Safari Rally ilianza mwaka 1953, na katika miongo yake ya awali njia zake ndefu zilishuka hadi Pwani kabla ya kurudi bara. Joginder Singh aliishinda mara tatu, mwaka 1965, 1974 na 1976. Shekhar Mehta aliishinda mara tano. Ian Duncan aliishinda mwaka 1994, na mwaka huo huo Patrick Njiru alimaliza wa nne. Lakini hao wote ni watu wa rally, mchezo wa barabara za vumbi ambamo dereva huketi na mwelekezi wake, hushindana na saa badala ya mwenzake aliye ubavuni, na ambamo mtu anaweza kuanza akiwa amekwisha kuwa na ndevu.

Hata kizazi kipya kimeelekea huko. Mwaka 2021 madereva chipukizi watatu wa Kenya, McRae Kimathi, Hamza Anwar na Jeremy Wahome, waliingizwa katika mpango wa kuwakuza vijana uliopata udhamini wa Safaricom, wakapewa magari ya Ford Fiesta ya daraja la Rally3. Februari 2022 Kimathi alishiriki Rally Sweden katika mashindano ya dunia ya chipukizi, mtoto wa Ikweta akiendesha juu ya theluji na barafu, jambo ambalo Mkenya hakuwahi kulifanya katika daraja hilo. Juni mwaka huo huo, kule Naivasha, Maxine Wahome alishinda kitengo cha WRC3 cha Safari Rally akiwa na mwelekezi Murage Waigwa, mbele ya madereva wa kiume waliompita kwa mbali katika uzoefu.

Mafanikio hayo ni ya kweli na yanastahili sifa zote yaliyopewa. Hata hivyo, msomaji makini ataona kitu kimoja katika majina hayo. Baba yake McRae Kimathi ni Phineas Kimathi, dereva wa zamani ambaye baadaye aliongoza shirikisho la michezo ya magari nchini, na aliyempa mwanawe jina la Colin McRae, mshindi wa Safari Rally mara tatu. Baba yake Hamza ni Azar Anwar, dereva mashuhuri wa rally. Baba yake Maxine ni Jimmy Wahome, naye dereva wa rally. Si lawama kwa vijana hao, kwani hakuna aliyechagua kuzaliwa nyumbani mwa helmeti na spana, na ujuzi wa kurithi si dhambi. Wavuvi wa Pwani nao huwarithisha wana wao bahari. Lakini mchezo unaopatikana kwa urithi peke yake hauwezi kuombewa fedha za umma kwa jina la vijana wote wa nchi.

Kisa cha Jeremy Wahome kina funzo lake cha peke yake. Kabla ya kuketi kwenye Fiesta ya rally, Wahome alikuwa miongoni mwa Wakenya wachache mno waliowahi kushindana katika magari ya kiti kimoja barani Ulaya, alipoingia mashindano ya Formula 3 ya Uingereza katika nusu ya pili ya mwongo wa 2010. Alikwishafika kwenye ngazi ambayo wengine hupanda kutokea hapo. Badala yake alirudi nyumbani na kugeukia rally, kwa kuwa ndipo palipokuwa na magari, wadhamini na kamera. Nchi isiyo na ngazi yake yenyewe humvuta hata aliyekwisha kupanda ya wengine.

Ni kweli kwamba watoto wa Kenya hawakosi kabisa pa kuanzia. Ipo autokrosi, mbio fupi za kuzunguka njia ya udongo, ambayo ina kitengo cha watoto kinachoitwa Bambino. Humo watoto huendesha vigari vidogo vilivyozungushiwa vyuma vya kuwakinga, kila kimoja kikiwa na kiti kimoja. Kwa hakika hicho ndicho kitu kilicho karibu zaidi na mbio za chipukizi za kiti kimoja ambacho nchi inacho. Zipo pia mbio za gokati katika uwanja wa Whistling Morans, Athi River. Atakayezitazama ramani za mashindano hayo ataona kwamba yamejikusanya Nairobi na viunga vyake, Stoni Athi na Athi River, kwa sababu nyepesi kwamba huko ndiko wanakoishi wazazi wanaoyalipia. Mzazi wa Mombasa anayetaka mwanawe ashiriki msimu mzima lazima akisafirishe kigari, fundi na mtoto kilomita zipatazo 480 kwenda, na nyingine 480 kurudi, kila duru. Kwa mzazi wa Nyali mwenye biashara hilo ni usumbufu. Kwa mzazi wa Mtopanga ni hadithi ya abunuwasi.

Ajabu ni kwamba maeneo haya matatu yanayokizunguka Kisiwa cha Mombasa yana karibu kila kitu kinachohitajika. Kwa miaka mingi, katika ukanda wa hoteli wa Bamburi na Shanzu, upande wa Kisauni, palikuwa na uwanja wa gokati uliowahudumia watalii na familia za mjini, wenye taa za kuendeshea usiku. Mtoto aliyepelekwa siku ya kuzaliwa aliendesha dakika kumi, akapigwa picha, akarudi nyumbani. Muda wake haukuandikwa popote ambapo mtu wa shirikisho angeuona. Ilikuwa burudani nzuri, na hakuna anayeweza kumlaumu mfanyabiashara kwa kuuza burudani. Kilichokosekana ni mtu wa kuigeuza kuwa mashindano.

Changamwe nayo ina mikono. Katika gereji za kando ya barabara za Magongo na Chaani wapo mafundi wanaoweza kuivunja injini ya pikipiki saa nne asubuhi na kuikabidhi ikiunguruma kabla ya adhuhuri, bila ya kitabu cha maelekezo na mara nyingi bila ya spea halisi. Injini ya gokati ni ndugu wa karibu wa injini ya pikipiki. Wachomeleaji waliozoea kutengeneza bodi za tuktuk na mikokoteni hawatashindwa na fremu ya mabomba. Katika nchi zilizoendelea, timu za chipukizi huwalipa watu kama hao mishahara mizuri, na wengi waliofanya kazi ya uhandisi katika timu kubwa za mbio walianzia kwenye hema la gokati wakifunga tairi. Mjadala wa michezo ya magari nchini hushikilia madereva tu na kusahau kwamba kwa kila dereva mmoja kuna mafundi wanne au watano. Huenda hiyo ndiyo nafasi kubwa zaidi kwa kijana wa Changamwe, kubwa kuliko usukani wenyewe.

Likoni ina hali tofauti. Kwa vizazi, mwendo wake wote umetawaliwa na feri. Anayevuka kwenda kisiwani hupangilia maisha yake kwa foleni, na ni hivi karibuni tu ambapo barabara ya Dongo Kundu imewapa wenye magari njia ya kufika Miritini bila ya kugusa kivuko. Barabara hiyo mpya, pana na yenye lami laini, imefungua macho ya wengi, na si ya wenye nia njema pekee. Vijana wa pikipiki popote pale wakipata lami iliyonyooka hawakosi kupimana kasi. Polisi huliita kosa la trafiki, na ni kosa kweli, la hatari kwao na kwa wengine. Lakini ni ushahidi pia kwamba hamu ya kushindana ipo tayari, na inajitafutia uwanja mahali pasipo daktari wala vizuizi vya tairi.

Hapa inafaa kuwa waangalifu. Kila inapozungumzwa michezo kwa vijana wa Kisauni na Likoni, viongozi hukimbilia kusema kwamba itawaondoa kwenye magenge ya mapanga ambayo yamezitia hofu mitaa hiyo kwa miaka kadhaa. Kandanda huuzwa kwa hoja hiyo, ndondi vivyo hivyo, na mbio za magari zisije nazo zikauzwa kwayo. Mchezo unaochukua watoto 20 au 30 kwa msimu hauwezi kuwa dawa ya ukosefu wa kazi katika maeneo bunge yenye mamia ya maelfu ya watu. Anayeahidi hivyo anawadanganya wazazi. Hoja yenye nguvu ni nyembamba zaidi: ikiwa fedha za umma zinaingizwa katika mchezo huu, na zinaingizwa, basi sehemu yake ifike kwa mtoto ambaye babake hakuwa dereva wa rally.

Wapo watakaosema kwamba kaunti ina mambo ya kwanza kuliko gokati. Wana haki. Mabomba ya maji ya Likoni hukauka, na Uwanja wa Manispaa wa Mombasa, uliobomolewa ili ujengwe upya, uligeuka miaka nenda miaka rudi kuwa mfano wa mradi usioisha. Anayependekeza leo kujenga uwanja wa langalanga Mombasa anastahili kuulizwa maswali makali. Lakini mbio za chipukizi hazihitaji uwanja huo. FIA yenyewe ilipoandaa michezo yake ya magari nchini Ufaransa mwaka 2022 iliweka shindano la gokati la kupita katikati ya vikoni vilivyopangwa juu ya lami, mvulana na msichana wakiunda timu moja. Kinachotakiwa ni eneo la sakafu ngumu lililo wazi mwishoni mwa juma, vikoni, saa ya kupimia, vigari vichache vinavyofanana, daktari mmoja na zimamoto. Mombasa nje ya kisiwa imejaa viwanja vya kuegeshea malori na kuhifadhi makasha ambavyo kuna Jumapili hulala vitupu.

Neno muhimu hapo ni "vinavyofanana". Mbio za watoto huharibika pale kila mzazi anapoleta kigari chake, kwa maana mshindi hujulikana kwenye risiti ya ununuzi. Vigari vikiwa vya klabu, vikagawanywa kwa kura kila duru, mtoto wa Bombolulu anaketi kwenye chombo kile kile alichokiendesha mtoto wa Nyali nusu saa iliyopita, na saa haimuulizi anakoishi. Ligi za namna hiyo, za kukodi na kuendesha, ziko katika nchi nyingi na ndizo zinazopunguza gharama kuliko mbinu nyingine yoyote. Samaki mkunje angali mbichi, ndivyo isemwavyo. Lakini kwanza ni lazima samaki afike jikoni.

Kuna wanaoweka matumaini katika kompyuta. Mwingereza Jann Mardenborough alishinda shindano la mchezo wa video wa Gran Turismo mwaka 2011, akapewa gari halisi na hatimaye akashindana katika magari ya kiti kimoja ya GP3. Vibanda vya michezo ya video havikosekani Kisauni, ingawa humo hutawala kandanda. Njia hiyo isidharauliwe, kwani usukani wa kuunganishwa na skrini ni nafuu mno ukilinganisha na injini. Ila ikumbukwe kwamba Mardenborough aliokotwa na kampuni ya Nissan kwa mpango wa matangazo ambao haupo tena. Skrini humfundisha kijana mstari wa kona, haimpi leseni.

Mfano unaoifaa Mombasa zaidi hautoki Ulaya. Uko ng'ambo ya bahari ile ile inayoipiga Likoni. Oman, nchi ambayo watu wa Pwani wana undugu nayo wa karne nyingi, haina mbio za Formula One kama majirani zake Abu Dhabi, Bahrain na Qatar, na haikujitia kuzitafuta. Ilichonacho ni chama cha magari na uwanja wa gokati wa Muscat Speedway. Kutoka nchini humo alitokea Ahmad Al Harthy, mwenye jina la ukoo lisilo geni Lamu wala Unguja, aliyepitia magari ya kiti kimoja kabla ya kuhamia mbio za magari ya GT. Akiungwa mkono kwa miaka mingi na taasisi na kampuni za nchi yake, alifika mwaka 2024 katika mashindano ya dunia ya mbio za masafa marefu, gari moja na Valentino Rossi. Oman ilianza na kilicho kidogo na ikakidumisha. Haikuanza na sherehe.

Na Ghuba iko karibu kuliko inavyodhaniwa. Mashindano ya Formula 4 hufanyika Dubai na Abu Dhabi, wakati wa majira ya baridi ya Ulaya. Tangu mwaka 2024 kuna ndege ya moja kwa moja kati ya Mombasa na Dubai, na inapanda kutoka uwanja wa Moi, ulio Changamwe. Vijana wengi wa maeneo haya wameshaifuata njia hiyo kwenda kuendesha teksi, mabasi na malori ya wenyewe. Ujuzi wa Pwani wa usukani unauzwa tayari nje ya nchi, kwa bei ya chini kabisa.

Kwa upande wa serikali, hakuna kisingizio cha kutoijua Pwani. Salim Mvurya, aliyekabidhiwa Wizara ya Michezo mwanzoni mwa mwaka 2025, alikuwa gavana wa Kwale kwa mihula miwili, na hahitaji kuelezwa Likoni iko wapi. Kila mazungumzo ya kuongeza muda wa Safari Rally katika kalenda ya dunia hufanywa kwa lugha ya hoteli zilizojaa Naivasha na picha zilizoonekana duniani. Ni hoja halali. Lakini mkataba wa namna hiyo unaweza kubeba kifungu kimoja zaidi, kwamba asilimia fulani, hata ndogo, ya kinachotumika kwa siku nne za Machi igawiwe klabu za kaunti kwa ajili ya ligi za watoto, kwa sharti la vigari vya pamoja na matokeo yanayochapishwa. Wadhamini wa kampuni za saruji, mafuta na usafirishaji, ambao malori yao hupita Changamwe usiku na mchana, wangekuwa na sababu nzuri zaidi ya kutia mkono mfukoni kuliko kubandika nembo kwenye mlango wa gari la Mfini anayeondoka Jumatatu.

Shirikisho nalo lina sehemu yake, na haihitaji fedha nyingi. Ndilo linalotoa leseni, ndilo linalopanga kalenda. Duru moja ya gokati ikiwekwa Pwani, ikahesabiwa pointi sawa na zile za Athi River, itawalazimu wazazi wa Nairobi kusafiri kilomita 480 angalau mara moja, na watajua wenzao wanachokipitia. Ya pili ingefuata kwa urahisi zaidi.

Mtoto wa Kisauni anayetimiza miaka minane hivi sasa ana miaka saba kabla ya kufikia umri wa kuruhusiwa Formula 4. Norris aliitumia sehemu kubwa ya miaka kama hiyo ndani ya gokati. Kalenda ijayo ya shirikisho itakapochapishwa, cha kutazamwa kwanza si tarehe ya Safari Rally bali ni iwapo kuna duru hata moja ya watoto iliyopangwa kushuka chini ya Mtito Andei.